Parrain Wangu Aling'oa Mbao za Gari la Baba

Nilifungua mlango wa gereji yetu nikaona miguu ya mtu imetokeza nje ya gari la Baba.

Viatu nilivijua. Baba mwenyewe ndiye aliyempa.

Nikainama nione sura…

Parrain wangu, Germain, alikuwa amelala chali chini ya usukani, bisibisi mkononi, anang'oa mbao za dashibodi.

Wapendwa, kwa wasiojua, parrain ni baba wa ubatizo. Huyu mtu alinishika mikononi mbele ya padri akaahidi kunilinda. Nyumba zetu zilikuwa zinatazamana.

"Parrain, unafanya nini humu?"

Hakushtuka hata kidogo.

"Claire. Nani alikutuma?"

"Mama anaomba beseni yake. Juu ya nini unatoa mbao?"

"Ile ni bintu ya bakubwa."

"Lakini Baba alikuachia funguo uchunge gari. Ule mufanyabiashara Georges anakuya kesho kuibeba."

"Minye najua."

Akaendelea kufungua skrubu. Kila kipande alichotoa alikifuta kwa shati lake, taratibu, kisha anakilaza juu ya blanketi. Kile kirefu chenye matundu ya saa za gari alikibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Nikamshika mkono. Akanisukuma hadi mlangoni.

"Rudi ku gare, kwa bilulu benzako."

Gare ni stesheni, bilulu ni wadudu. Ndilo jina Wakatanga walilotupa sisi wenye asili ya Kasai mwaka ule, na nilikuwa nimeshalisikia barabarani, sokoni, kila mahali. Kutoka kinywani mwake ilikuwa mara ya kwanza.

Nilitoka mbio nje ya geti letu wenyewe. Beseni hata sikulichukua.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Sisi tulizaliwa Likasi, mji wa migodi katika mkoa wa Katanga. Babu ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba, na amezikwa hukohuko. Baba yangu, Lambert, alikuwa karani mgodini. Wazungu walipokimbia baada ya uporaji wa wanajeshi, bosi wake alimwachia gari lake la sport pamoja na hati zake. Gari jekundu, viti viwili, halina paa, na ndani mbao za kahawia zinazong'aa hadi unajiona uso. Kwenye mashimo ya barabara zetu halikuwa na kazi yoyote. Baba alikuwa analiosha tu Jumapili.

Halafu siasa zikaingia mjini, Wakatanga wakaambiwa sisi wa Kasai ni wageni, tukafukuzwa majumbani. Tukajikuta stesheni, maelfu ya watu juu ya mikeka, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Watoto walikuwa wanakufa kwa surua pale. Harufu ya ile stesheni bado iko puani mwangu.

Na Mama alikuwa na mimba kubwa. Damu ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo.

Hospitali za mjini hatukuthubutu kwenda, njiani kulikuwa na vijana wenye mapanga. Dada yake Mama alikuwa muuguzi Lubumbashi. Tukimfikisha kule, atapona. Tukikaa, tutamzika pale pale kando ya reli.

Tumaini letu lilikuwa Georges. Huyu alikuwa mfanyabiashara mwenye kamyo, yaani lori, anapeleka samaki wakavu wa ziwa Tshangalele hadi Lubumbashi, na wanajeshi wa vizuizi wote walimjua. Alikuwa na ugonjwa wa magari ya zamani. Mapatano yake na Baba yalikuwa mepesi: yeye achukue gari, kamyo yake itubebe.

Basi nilirudi stesheni kwa vichochoro nilivyojia, nikamwambia Baba nilichokiona.

Baba akatikisa kichwa.

"Germain haiko vile. Labda anazificha, bezi basiziibe."

"Baba, aliniita kilulu."

Baba akageuka kumfunika Mama shuka.

Asubuhi Georges akaja, anakula yai la kuchemsha.

"Lambert, natoka ku gereji. Gari haina mbao."

"Mbao iko kwa Germain. Atairudisha."

"Nilimuuliza. Anasema bezi baliingia. Gari ya vile bila mbao yake ni bati tu. Mapatano imekufa."

"Georges, bibi yangu anatoka damu. Muangalie."

Akamwangalia. Kwa kweli aliinama akamwangalia, huku anamenya yai la pili, na maganda yanaangukia mkeka wa Mama.

"Pole sana, mama. Treni itakuya."

Kisha akaenda zake upande wa pili wa stesheni kununua friji na cherehani za watu waliokata tamaa. Kamyo yake akaiacha pale pale.

Mama akafumba macho. Mimi niliokota yale maganda moja moja.

Haukupita muda, akatokea Mama Élisabeth, mke wa Germain. Alikuwa Mkatanga kama mumewe, lakini kila siku alituletea bukari, ugali wetu, kwa kujificha, sufuria ndani ya kitenge. Siku hiyo alikaa chini kwanza, akalia.

"Lambert, mbao haiko kwetu. Iko ndani ya kamyo ya Georges, mu blanketi yangu."

Baba akamtazama kama hajaelewa.

"Georges alikuya kwetu. Alimuambia bwana yangu: Muluba gani wa Kasai atachunga gari kama ile bila kuficha diamant nyuma ya mbao? Toa mbao polepole, isivunjike. Mawe, chukua weye. Mbao, nipatie minye."

"Na alipata nini?"

"Mende. Alitoa hata viti, akachana sponji yote. Mende tu na vumbi. Na sasa anasema muliyahamisha."

Mmeelewa mchezo, wapendwa? Georges alitaka gari bila kutubeba. Angeng'oa mbao, avunje mapatano, sisi tuondoke au tufe, halafu arudi kufunga mbao zake kwa raha. Na parrain wangu aliuza roho ya mama yangu kwa uvumi tu, kwamba kila mtu wa Kasai analalia almasi. Sisi tuliokuwa tunagawana muhogo mmoja!

Baba alisimama. Alitembea hadi kwenye kamyo, akafungua mlango, akatoka na blanketi. Hakukimbia. Alirudi hadi kwenye mbabula yetu, makaa yakiwa mekundu, akashika kile kipande kirefu chenye matundu, akakiinamisha juu ya moto.

"Georges," akaita.

Georges akageuka. Akaiona mbao juu ya moto.

"Lambert, ngoja. Tusikilizane."

"Niko nasikia."

"Ile kintu haipatikane tena, hata kule Ulaya. Usicheze nayo."

"Pakia bibi yangu."

Georges alipiga hatua mbele. Watu wa mikeka ya jirani wakasimama, wanaume kwa wanawake.

Varnishi ikaanza kutoa harufu.

"Pakia!" Georges akawafokea vibarua wake. "Pakia ule mama, upesi!"

Alimwangalia mama yangu akitoka damu, akala yai. Mbao ilipopata joto, mtu mzima yule machozi yalimtoka. Hadi leo nikikumbuka natema mate.

Tulisafiri juu ya magunia ya samaki, Mama kichwa chake mapajani mwangu. Baba alikaa mbele na zile mbao juu ya magoti, kile kirefu amekishika ncha mbili, tayari kukivunja. Kila kizuizi Georges aliwasalimia wanajeshi kwa kicheko, tukapita.

Lubumbashi, mamangu mdogo alitupokea mlangoni mwa hospitali. Mama akaingizwa ndani. Baba akashuka, akamkabidhi Georges mbao zote, zimefungwa vizuri, pamoja na hati za gari.

"Baba, juu ya nini hauvunje?"

"Nilimupatia neno. Minye haiko yee."

Nilimkasirikia Baba kwa jibu hilo, kwamba yeye si kama Georges, kwa muda mrefu sana. Siku hizi nalielewa, ingawa bado linanikereketa.

Mama alipona. Mdogo wangu, Exaucé, alizaliwa usiku ule ule, na leo ni daktari.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki hii nimepata ujumbe kwenye simu. Germain. Mzee sasa, mgonjwa, Mama Élisabeth ameshafariki. Nikasema moyoni, hatimaye anaomba msamaha.

Nimeunakili kama ulivyo:

"Claire mutoto yangu, niko karibu kufa. Mudogo yako alisoma mpaka akakuwa docteur. Ile franga ya kumusomesha ilitoka wapi? Niambie tu ukweli. Mulificha wapi?"

Nikajibu kwa heshima, maana ni parrain wangu:

"Parrain, hakukuwa na kitu. Mama alikuwa anauza makala ya kupikia sokoni, Baba alikuwa anafundisha watoto ya bantu. Njo vile Exaucé alisoma."

Jibu likaja hapo hapo:

"Sawa. Minye nafikiri ilikuwa mu tairi."

Ndugu zangu, ukishamwamini mtu anayekwambia jirani yako ni mwizi au ana hazina chini ya kitanda, hutapona kwa urahisi. Huyu amekula nasi, amenisimamia ubatizo, amepekua gari letu hadi sponji za viti, na bado anaamini uvumi kuliko macho yake. Jihadharini na anayewaletea maneno ya namna hiyo, kwa sababu yeye ndiye anayeondoka na mbao.

Nimemtumia dawa zake kupitia kanisa. Ujumbe wake wa mwisho sijaujibu.