Nguvu za Kumwinua Mama

Watu wa mtaa walimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini. Cherehani yake ilisikika tangu saa mbili asubuhi. Alishona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, lakini mwili ulikuwa mzito. Kutwa alikaa kwenye stuli. Chai yake ilitiwa sukari vijiko vinne, na akinyanyuka kufuata uzi, alihema.

Chumba cha pili kilikuwa cha mama yake. Miezi mitatu iliyopita, mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Kila asubuhi Fundi na mumewe, ambaye ni mpaka rangi, walishirikiana kumtoa kitandani na kumkalisha kwenye kiti.

Jumatatu moja mumewe aliwahi kazini. Fundi akasema moyoni, "Mama mwenyewe mwepesi kama unyoya. Nitaweza."

Akamkumbatia, akamwinua. Hatua ya pili tu, magoti yakaanza kutetemeka na pumzi ikamkatika. Wote wawili wakateleza taratibu hadi sakafuni, wakabaki wameegemea kitanda. Mama hakuumia. Lakini Fundi alijaribu kumnyanyua mara tatu, akashindwa.

"Pole... mwanangu," mama akasema.

Hilo ndilo lililomchoma Fundi. Mama ndiye mgonjwa, na bado anampa pole yeye.

Walikaa hapo karibu saa nzima, mpaka alipopita jirani yao nesi, aliyezoea kuja kumpima mama presha. Nesi hakuuliza mengi. Akaleta kistuli kifupi. Wakasaidiana kumkalisha mama hapo kwanza, kisha kwenye kiti.

Siku hiyohiyo Fundi akaapa kupunguza mwili. Akaacha kula mpaka jioni. Akajifunga nailoni tumboni, akashona huku jasho likimchuruzika. Siku ya nne kichwa kilimzunguka, na mkono wa shati la sare akaushonea chini juu.

Mumewe alilishika lile shati, akaligeuza huku na huku. "Mke wangu, huyu mtoto atakwenda shule akitembea kwa mikono?"

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Mumewe akaenda kumwita nesi.

"Dada, hiyo nailoni inatoa jasho, haitoi mafuta," nesi akamwambia. "Ukinywa maji, uzito unarudi palepale."

"Mimi nataka tumbo tu liondoke."

"Mwili hauchagui hivyo. Ukila kidogo kuliko unachotumia, mwili utachukua akiba yake ya mafuta popote unapotaka wenyewe, si unapotaka wewe. Lakini ukiushindisha njaa, utakula na misuli. Na misuli ndiyo unayoihitaji kumwinulia mama."

"Basi nifanyeje? Siwezi kumwacha mama nikaenda kubeba vyuma huko."

"Vyuma vya nini? Mzigo wa kunyanyua unao tayari."

"Upi?"

"Wewe mwenyewe."

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Fundi naye akacheka.

Nesi alimpima Fundi presha, akaikuta imepanda kidogo. Akamtuma kliniki kwanza. Daktari alimruhusu kuanza, mradi aende polepole. Ndipo nesi akamfundisha, mlemle chumbani kwa mama.

Kwanza kupasha mwili moto: kupiga hatua papo hapo kwa dakika tano. Kisha kukaa kwenye kiti na kusimama bila kujisukuma kwa mikono. Kisha kuweka viganja ukutani, kukunja viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, na kujisukuma kurudi. Mwisho kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua nyonga.

"Kila zoezi mara nane, halafu rudia mzunguko mara tatu," nesi akasema. "Usibane pumzi. Itoe unaponyanyuka. Siku tatu kwa wiki, na kati yake upumzike siku moja. Siku za mapumziko tembea nusu saa, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba."

"Nikiumwa je?"

"Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha hapohapo, uende kliniki."

Kuhusu chakula, nesi hakumnyima. Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage, mayai au samaki, na robo iliyobaki wali au viazi. Sukari ya chai aipunguze kijiko kimoja kila wiki.

Mama alipewa kazi ya kuhesabu. Aliishika kazi hiyo kama mkuu wa jeshi.

"Sita..." akasema siku moja. "Sita..."

"Mama, sita umeshaihesabu."

"Ile... hukukaa... vizuri."

Wiki ya tatu mizani haikusogea hata kidogo. Fundi alikata tamaa, akamwambia nesi. Nesi akachukua futi ya kushonea kutoka shingoni kwa Fundi, akamzungushia kiunoni. Kiuno kilikuwa kimepungua sentimita mbili.

"Misuli inaingia, mafuta yanatoka," nesi akasema. "Mizani haijui kuvitenganisha. Endelea."

Akaendelea. Mara nane zikawa kumi na mbili. Kutoka ukutani akahamia kwenye ukingo wa meza nzito ya kukatia vitambaa. Akajifunza kuchuchumaa bila kiti, nyayo zimekaa chini zote, mgongo umenyooka. Kila baada ya saa moja alisimama kutoka kwenye cherehani, akazunguka chumba. Mumewe alianza kwa utani, kisha naye akajiunga.

Baada ya miezi mitano, Fundi alikuwa amepungua kilo saba. Kliniki walimwambia presha imeshuka.

Asubuhi moja mumewe alikuwa ameshatoka. Nesi alikuwa amemwonyesha Fundi namna salama ya kumsimamisha mgonjwa, na walishaifanya pamoja mara nyingi. Fundi akamkalisha mama ukingoni mwa kitanda. Akamfunga mkanda mpana kiunoni, akaushika. Akakunja magoti, akaweka miguu yake karibu na ya mama.

"Inama mbele kidogo, mama. Tayari?"

"Tayari."

Wakanyanyuka pamoja. Magoti ya Fundi hayakutetemeka. Hawakuishia kwenye kiti. Hatua kwa hatua, mama akiegemea mkono wa binti yake na kuuburura mguu wa kulia, uliokuwa umeanza kupata nguvu, walivuka chumba cha cherehani, wakatoka hadi kibarazani. Mama hakuwa ameuona mtaa tangu augue. Akaketi, akatazama watoto wakienda shule na jirani akianika nguo.

Fundi akakaa kando yake. Pumzi yake ilikuwa tulivu.

"Umefurahi, mama?"

Mama akafikiri kidogo, akitafuta maneno yake.

"Kesho... tutoke... mapema," akasema. "Leo... tumechelewa."