Wito wa Mara Moja

"Vuta," ilisema sauti ya Moussa kutoka shimoni, na Moussa mwenyewe alikuwa amekaa juu, ubavuni mwa kaka yake Kamaldine, akitafuna muhogo wa kuchoma.

Muhogo ukamkwama. Alikitazama kisanduku cha redio kilichofungwa kwenye mashine, akakana kwa kunong'ona, "Haiko mimi, Yaya," kama alivyozoea kumwita kaka yake.

Waya wa chuma haukusogea, alhamdulillahi. Pale kwenye machimbo ya Lusangi, aliye chini ya shimo huagiza kwa redio, na mashine hupandisha ndoo. Lakini mwamba hula sauti, maneno hufika nusunusu, kwa hiyo Kamaldine aliifunza mashine isivute mpaka isikie neno mara mbili. Kanuni hiyo hakuibuni yeye. Mama yao, Mama Fatuma wa Kasongo, aliwalea nayo: jini huita mara moja, usiitike mpaka uitwe tena.

Tatizo ni kwamba neno la pili lilikuwa likipotea njiani. Ndoo ilining'inia katikati, na wachimbaji, wakikohoa vumbi, walimcheka Kamaldine kwamba mashine yake ni kiziwi. Kucheka kule kulimuuma kuliko lile jambo la sauti. Akasema ni mawimbi tu yanayorudi, akaibadilisha mashine itii neno moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lilikuwa la mwenzake.

Siku iliyofuata Dady, mchimbaji, alikuwa chini akifunga waya kwenye jiwe. Harufu ya ubani ikapanda kutoka shimoni. Halafu redio ikasema "Vuta", safi, bila mkwaruzo hata kidogo, na waya ukakaza ukambana Dady na lile jiwe, ukamkata mkono begani. Mkono ulifika juu peke yake, vidole vikichezacheza.

Moussa akaingia kwenye ndoo kabla hajazuiwa. Kamaldine alirudisha kanuni ya zamani.

"Nitaita mara mbili, Yaya," Moussa alisema. "Ukisikia moja tu, usivute."

Akashuka. Vilio vya Dady vikakatika ghafla. Kisha redio ikakwaruza, ikameza, ikatoa "Vuta" iliyovunjika, moja, na Kamaldine akangoja ya pili, akangoja huku ubani ukimjaa kooni na kitu kikigonga mwamba kule chini kwa pigo zito la nyama, na mkono wake ukienda kwenye swichi ya mashine na kurudi, kwenda na kurudi, kwa sababu walikuwa wamepatana, na mapatano ndiyo yaliyobaki kati ya mdogo wake na kile kilichokuwa naye gizani.

"Vuta. Vuta."

Mara mbili. Safi, bila mkwaruzo. Mashine ikatii kabla Kamaldine hajaelewa alichokisikia.

Ndoo ilipofika juu, Moussa alikuwa amening'inia chini yake, waya umemzunguka shingo, uso umegeuzwa nyuma kama kitambaa kilichokamuliwa. Redio ilikuwa bado mkononi mwake, kidole kikiibonyeza. Kamaldine alipiga magoti akalia kwa sauti. Ile iliyokwaruza ndiyo ilikuwa ya mdogo wake. Alimngojesha mpaka akafa, na kile kitu kilikuwa kimesikiliza mapatano yao.

Alimfunga maiti mgongoni kwa kitenge, akapanda pikipiki. Njia nzima ya Kasongo, kupita Kabambare na matope yake, alitafuta maneno ya kumwambia mama.

Mama Fatuma alikuwa kizingitini, jua bado lipo, akimimina maji ya kunawa kwenye beseni huku akitabasamu. Hakuutazama mzigo. Kutoka ndani ya nyumba nyuma yake ilitoka harufu ya ubani.

"Umekawia, mwanangu," alisema. "Moussa alishaingia. Aliniita mara mbili, njo maana niliitika."