Warda wa Kwenye Bango

"Ramadhani, mimi nimezaa lini?"

Hakukuwa na salamu. Ramadhani alikuwa amesimama nje ya ofisi yao Kilwa Masoko, kikombe cha chai mkononi, akitabasamu kwa kuwa jina la mchumba wake lilikuwa limetokea kwenye simu. Tabasamu likayeyuka.

"Warda, mpenzi wangu, subiri kwa..."

"Nimekuuliza. Mimi Warda binti Pazi, wa Songo Mnara, niliyeposwa na bado sijaolewa. Nimezaa lini? Na huyo mwanangu aliyefia baharini kazikwa wapi?"

"Umeliona wapi?"

"Nipo gatini. Tumeleta mwani na wenzangu. Bango limesimama hapa, kubwa kama ukuta wa nyumba. Sura yangu. Kilemba changu cha kijani. Na chini mmeandika..."

Akasoma polepole.

"'Nilimpoteza mwanangu katikati ya bahari. Usikubali mama mwingine apitie haya. Warda, mkulima wa mwani.' Wenzangu wanasoma, halafu wananitazama tumbo, Ramadhani."

"Nisubiri hapo hapo. Nakuja."

"Usije. Nijibu kitu kimoja tu. Ulijua?"

Kwa kazi yake, Ramadhani alikuwa na majibu mengi ya swali kama lile. Tunalifuatilia. Kulikuwa na mkanganyiko. Tutatoa taarifa. Yote yalimjia, hakuna lililomtoka.

"Nilijua," akasema.

Simu ikakatika.

Alikuwa afisa mawasiliano wa shirika lililokuwa likipigania boti ya wagonjwa kwa ajili ya wajawazito wa visiwani. Kampeni waliiita Mama Avuke. Mwaka mmoja kabla, alikwenda Songo Mnara kupiga picha za wanawake wa mwani, akateleza kwenye tope na kuinua kamera juu huku yeye mwenyewe akizama mpaka kifuani. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Warda. Aliyempa mkono akamtoa alikuwa Warda huyo huyo. Baada ya hapo Ramadhani akawa anapata sababu za kwenda kisiwani hata pasipokuwa na kazi, mpaka posa ikapelekwa, ikapokelewa. Zilibaki wiki tatu ndoa ifungwe.

Habari ya mtoto ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya Warda. Ilikuwa ya wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye jina lake ni Binti. Uchungu ulimshika vibaya, wakampakia kwenye boti ya uvuvi, injini ikazima njiani, mtoto akazaliwa humo na kufa humo. Warda ndiye aliyekuwa amempakata Binti. Alimsimulia Ramadhani siku moja, machozi yakimtoka, kama mtu anavyomsimulia mtu wake.

Ramadhani akayaandika kwa ajili ya bango: "Wifi yangu alimpoteza mwanawe." Akayatuma Dar es Salaam kwa meneja wake, Flora. Jibu lilikuja kwa simu.

"Rama, hii 'wifi yangu' inapoza. Msomaji akifika kwenye wifi, anapumua. Sura ni ya Warda, maumivu yawe ya Warda."

"Lakini dada Flora, Warda hajaolewa."

"Nani atajua? Wafadhili wanakuja uzinduzi. Tunataka waguswe."

Na Ramadhani akanyamaza. Uzinduzi ulikuwa karibu, mchapaji alikuwa anasubiri, na bosi alikuwa bosi.

Alipofika gatini, boti ya Songo Mnara ilikuwa imeshaondoka. Akaandika ujumbe:

"Nisamehe. Nitaliondoa."

Tiki mbili zikageuka bluu. Jibu halikuja.

Jioni mama yake, Bi Hamida, alimkuta amejiinamia barazani.

"Mwanangu, mashoga zangu wananiuliza kama mkwe wangu ana mtoto. Anaye?"

"Hana, mama. Ni sisi tulioandika uongo."

"Ninyi nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nimekulea ukiwa peke yako, sikumbuki kulea 'sisi'. Haya, unakaa hapa unafanya nini? Kesho asubuhi uwe kisiwani."

Asubuhi alimkuta Mzee Pazi, baba yake Warda, akishona wavu mbele ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mzee hakunyanyua macho. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Juzi nilikuwa baba wa mwari. Leo msikitini naulizwa habari za mjukuu. Umekuja kuvunja au kujenga?"

"Nimekuja kuomba radhi, baba."

"Si kwangu unakoanzia. Yuko shambani, maji yamekupwa. Kazungumzeni huko kweupe, watu wawaone."

Warda alikuwa ameinama kati ya vigingi, akifunga vishada vya mwani kwenye kamba. Wanawake wengine walimwona Ramadhani akiingia majini na suruali yake ya ofisini, wakasogea pembeni kidogo. Kidogo tu, wasikose maneno.

"Warda."

"Unanikanyagia mwani."

Akasogea.

"Nilipaswa kukataa. Nililiona kabla halijachapwa, nikakaa kimya. Nilijiambia ni bango tu, ni kwa ajili ya boti. Sina la kujitetea."

"Unajua kilichoniuma?" Warda alikuwa bado ameinama. "Si umbea. Kisiwa hiki kidogo, kila mtu anajua sijawahi kubeba mimba. Watacheka wiki mbili, watachoka. Mimi naweza kukusamehe hata leo, kwa sababu mimi ni mjinga, nakupenda."

"Warda..."

"Sijamaliza. Umepita kwa wifi?"

"Bado."

Hapo ndipo alipoinuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Tangu jana hajatoka ndani. Amepoteza mtoto mara moja baharini. Halafu ninyi mkamchukua mkanipa mimi, mkanisimamisha naye gatini. Nilikusimulia wewe, Rama. Sikulisimulia shirika."

Ramadhani alitaka kumshika mkono. Akaona hastahili.

"Nipeleke kwake."

"Miguu unayo. Nenda."

Binti hakutoka nje. Alikaa nyuma ya pazia la mlango, Ramadhani akakaa kwenye ngazi ya baraza. Walizungumza hivyo, bila kuonana.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi. Nilichukua habari yako bila kukuuliza."

"Alikuwa na jina," sauti ya Binti ikatoka, ndogo lakini imenyooka. "Mnaandika mtoto, mtoto. Alikuwa na jina. Tawakali. Aliishi tangu katikati ya bahari mpaka tulipoanza kuiona minara ya simu ya Masoko. Mimi mwenyewe nilimwambia, ona mwanangu, tumefika."

Ramadhani akafunika uso. Alikuwa ameandika maneno mengi sana kuhusu safari ile na hakuwahi kuuliza jina.

"Nifanye nini, shemeji?"

"Mmesema uongo mbele ya watu. Semeni kweli mbele ya watu."

"Nikisema siku ya uzinduzi, mbele ya wafadhili, boti inaweza isije. Lazima nikwambie ukweli huo pia."

Pazia likatikisika. Alidhani anatoka, hakutoka.

"Boti hiyo naitaka kuliko ninyi nyote. Lakini nikuulize, shemeji. Kwani yaliyonikuta mimi hayakutosha kuleta boti, mpaka mkayageuza?"

Njia nzima ya kurudi Masoko Ramadhani alikuwa akilitafuta jibu.

Alimpigia Flora.

"Rekebisha kimya kimya," Flora akasema. "Baada ya uzinduzi tunaliondoa, tunaweka lingine. Ukisema hadharani tutaitwa matapeli, na watakaoumia si mimi wala wewe. Ni hao hao akina mama."

"Dada, hao akina mama ndio wanaotaka isemwe."

Flora alipojibu, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Rama, mama yangu alikufa akimzaa mdogo wangu. Boti hii nimeihangaikia miaka minne. Usidhani nacheza."

"Najua huchezi. Ndiyo maana nakwambia mapema."

"Ukiisema, sitaweza kukulinda."

"Sawa, dada."

Akamwandikia Warda: "Kesho nitasema kila kitu. Sitakutaja zaidi ya kusafisha jina lako."

Safari hii jibu lilikuja. Neno moja: "Tutakuwepo."

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Maturubai meupe, ngoma, fulana zenye maandishi ya Mama Avuke, waandishi wa habari wamejipanga mbele na kamera zao. Wafadhili walikaa viti vya mbele na maji ya chupa. Nyuma kabisa, wanawake wa Songo Mnara walikaa mkekani, Warda katikati yao, na pembeni yake Binti, ushungi ameuvuta mpaka machoni.

Ramadhani alipewa kipaza sauti kukaribisha wageni. Karatasi ya hotuba ilikuwa mfukoni. Akaiacha huko huko.

"Kabla sijakaribisha mtu, kuna jambo la kurekebisha. Mmeliona bango letu. Dada aliyepo kwenye picha hajawahi kuzaa, hajaolewa. Maneno tuliyomwekea mdomoni hakuyasema. Tuliyaweka sisi ili mguswe. Hakuulizwa yeye, na hakuulizwa mama mwenye msiba. Nawaomba radhi wote wawili, na familia zao, na ninyi."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Mwandishi mmoja akainua mkono.

"Kwa hiyo shirika lilidanganya?"

"Lilidanganya. Na mimi niliona kabla, nikanyamaza. Msinitafutie maneno laini."

Flora alikuwa ameinamisha kichwa. Mfadhili mmoja alianza kukusanya makaratasi yake. Watu wakaanza kunong'ona, na Ramadhani akaona boti inazama mbele ya macho yake kabla hata haijanunuliwa.

Ndipo Binti aliposimama.

Hakuna aliyemwomba. Alipita katikati ya watu akiwa ameshikwa mkono na Warda, akafika mbele, akachukua kipaza sauti kama mtu anayepokea kitu cha moto.

"Asalaam aleikum. Mimi ndiye mwenye habari ile. Naomba msinipige picha."

Kamera zikashushwa, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu aliitwa Tawakali. Alizaliwa baharini, hakufika nchi kavu. Injini ilizima, mume wangu na mwenzake wakapiga kasia mpaka mikono ikatoka damu. Wifi yangu huyu alinishika. Hakuna aliyefanya kosa mle botini. Tulikosa chombo tu. Sasa mmesikia kwangu mwenyewe. Boti tunaitaka. Lakini mkitaka kutuandika, mtuulize kwanza. Tutawaambia. Sisi si mabubu."

Akarudisha kipaza sauti. Mwanamke mmoja wa Masoko, asiyemjua, akasimama kumpisha kwenye kiti chake. Kisha mwingine akasimama, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa umesimama.

Mfadhili aliyekuwa akikusanya makaratasi aliondoka. Alasiri Flora alimfuata Ramadhani ofisini.

"Nimeagizwa nikusimamishe kazi."

"Nilijua, dada."

"Mimi nami wananiita Dar kujieleza." Akashusha pumzi. "Yule mama ameongea dakika mbili. Mimi nimeandika miezi sita. Ningekwenda kumsikiliza mwenyewe, Rama. Kwa nini sikwenda?"

Hakuwa akimuuliza yeye. Akampa mkono, akaondoka.

Jioni, Ramadhani akiwa gatini, simu ikatoa mlio wa ujumbe. Warda.

"Uko wapi?"

"Gatini. Nang'oa bango."

"Peke yako?"

"Nani atanisaidia?"

Dakika kumi baadaye alisikia kandambili nyuma yake. Warda alishika nguzo ya pili, akasukuma. Bango likalala chini, sura yake ikitazama mawingu.

"Nimetoka vizuri lakini," akasema, akiinamisha kichwa kuliangalia. "Kilemba kimenikaa."

Ramadhani akacheka, kisha kicheko kikamgeuka, akajikuta analia. Warda akamfuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Acha, watu wanatuona."

"Sina kazi, Warda."

"Nimesikia."

"Baba atakuuliza mumeo anafanya nini."

"Nitamwambia anafunga mwani."

"Sijui kufunga mwani."

"Nimeona. Na kukanyaga unakanyaga vizuri sana." Akamkazia macho. "Nisikilize, Rama. Leo ulikuwa unatetemeka, nilikuona tokea nyuma. Ulitetemeka, ukasema. Nitaishi na mtu wa namna hiyo. Ila siku nyingine nikikusimulia jambo, lijue ni langu."

"Ni lako. Wallahi ni lako."

Siku chache baadaye, watu wa mfadhili yule walikwenda Songo Mnara wenyewe, bila kamera. Walikaa kwa Binti toka asubuhi mpaka adhuhuri, wakaenda nyumba nyingine, na nyingine. Boti ilichukua miezi mitano kufika. Lakini ilifika, na wanawake wa kisiwani ndio walioipa jina. Waliiita Tawakali.

Ndoa haikuingoja boti, wala haikusogezwa. Ilifungwa siku ile ile iliyopangwa. Bi Hamida alivuka na masufuria yake mwenyewe, akisema pilau la mwanawe halipikwi na mtu mwingine, na Flora alikuja kutoka Dar na kanga mbili za bibi harusi. Alikaa jikoni na Binti, wakimenya vitunguu saumu, hawasemi sana.

Wanaume walikaa barazani, Ramadhani amevaa kanzu. Mzee Pazi aliinuka kwenda ndani kumuuliza binti yake kama ameridhia. Kwa desturi, mwari huinama tu, akinyamaza inatosha, baba anarudi na jibu.

Dakika zikapita. Ramadhani akasikia sauti ya mzee kupitia dirishani, ya upole:

"Mwanangu, Ramadhani bin Issa amekuja kukuoa. Umeridhia?"

Kimya. Shehe akamtazama Ramadhani. Ramadhani akaitazama mikono yake.

Kisha sauti ya Warda, si ya kunong'ona, sauti ile ile ya kuitana shambani wakati maji yanajaa, ikavuka dirisha, ikavuka baraza, ikafika mpaka njiani:

"Nimeridhia, baba! Waambie mimi mwenyewe nimesema!"

Vigelegele vikapasuka jikoni, na aliyeanza kuvipiga alikuwa Binti.