Fainali Aliyoikosa Babu

Kila akitoka shule, msichana alivua sare, akaosha vyombo, kisha akamkanda babu yake magoti kwa mafuta ya moto. Mzee huyo alikuwa kocha wa timu ya taifa kwa miaka kumi na minne na alileta kombe mara tatu. Sasa hata kuinuka kitini kulimchosha.

Siku moja msichana alimsomea babu insha ambayo angeisoma kesho yake mbele ya shule nzima. Ilisifia kazi ya babu mwanzo hadi mwisho. Fainali aliyoshindwa ni moja tu, aliandika, "kwa uzembe wa kipa." Kipa huyo ndiye sasa mwalimu wao wa michezo. Wanafunzi walimwita Mlango Wazi, naye alijifanya hasikii.

"Nani kakwambia ni uzembe?" babu aliuliza.

"Kila mtu anajua, babu. Hata wewe hujawahi kukataa."

Mzee alivuta pumzi ndefu. Akamweleza kwamba asubuhi ya kila mechi alipita vitandani kambini, akawauliza wachezaji hali zao na kuziandika kwenye kadi. Asubuhi ya fainali ile kipa alimwonyesha kidole gumba kilichovimba, akasema hawezi kudaka. Kocha aliikunja kadi, akaitia mfukoni, akamchezesha. Waandishi wa habari walipouliza sababu ya kushindwa, aliwajibu wamuulize kipa.

"Naye hakusema?"

"Aliniheshimu, mama. Nami nikanyamaza. Andika hivyo."

Msichana alikaribia kulia. "Watakucheka, babu."

"Wacheke. Yule amechekwa miaka ishirini kwa ajili yangu."

Kesho yake mzee alikwenda shuleni polepole, akipumzika njiani mara mbili. Msichana alisoma yote, hata habari za kadi. Babu akasimama, akamwomba mwalimu msamaha mbele ya wote.

Mwalimu alikuja, akamshika kiwiko. "Keti, kocha. Umechoka."

"Nimechoka kweli," mzee alisema, akawageukia wanafunzi. "Wanangu, kosa langu lilikuwa la siku moja. Kulificha ndiko kulikochukua miaka ishirini, na aliyeumia si mimi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajabebeshwa mzigo wako."