Weupe wa Mchana Bustanini kwa Margareta

Margareta alipenda usafi. Kila alfajiri, kabla ya kubandika chai, alishika fagio la chelewa akafagia. Hakuishia uwanjani. Alifagia na bustani, katikati ya tuta na tuta. Aliokota kila jani kavu, akayakusanya yote kando ya choo, akayachoma. Alipomaliza, udongo ulibaki mtupu, na mistari ya fagio imejipanga kama nywele zilizochanwa. Mama yake kule Masasi alimfundisha hivyo. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali kwake walimsifu.

"Mama Recho, bustani yako mtu anaweza kutandika mkeka akalala!"

Nyumba yao ilikuwa Mtoni Kijichi, pale ardhi inaposhuka kuelekea mikoko. Mumewe, Venance, alikuwa kibarua wa makontena kule Kurasini. Siku ambazo kazi ilikosekana, bustani ndiyo iliyowalisha. Walipanda mchicha, matembele, bamia na kunde. Maji ya kunywa walinunua kwenye madumu. Ya kumwagilia yalitoka kisimani, nyuma ya nyumba.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Ya mwaka uliotangulia ilikuja kwa hasira, ikabomoa vyoo vya watu, ikaondoka. Kisima kikashuka. Venance akaita mafundi, wakachimba chini zaidi, wakafunga mota. Maji yakatoka kwa nguvu. Margareta akamshukuru Mungu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuwa ya ajabu.

Kwanza vyura wa kando ya kisima walinyamaza. Walizoea kulia kila alfajiri, mpaka Recho, binti yao, alikuwa akiwaigiza. Asubuhi moja hawakulia, na hawakulia tena. Kisha kunde zikafa. Hazikuliwa na wadudu. Kila jani liliungua pembeni, kama mtu amelizungushia kibiriti. Bustani nzima haikuwa na moto.

Halafu ukaja weupe.

Margareta aliuona mchana mmoja, alipotoka kwenda kuanua nguo. Ulikuwa mwembamba, kama unga wa muhogo ulionyunyizwa na mkono mwepesi. Ulilala juu ya matuta, ukifuata kingo zake. Kwenye njia haukuwepo. Alitazama chini kutafuta alama ya mguu. Aliona mistari ya fagio lake tu, haijaguswa.

Alfonsi, mdogo wake Venance, alikuja kuwatembelea. Alipouona alirudi nyuma.

"Shemeji, usiguse! Hapo mmewekewa kitu."

"Nani atuwekee, Alfonsi? Sisi tuna nini?"

Alfonsi alielekeza kidevu kwenye ua wa makuti. Upande wa pili aliishi Bi Tabu, mjane mtu mzima, mwenyeji wa pale tangu Kijichi ni mashamba ya minazi.

"Chungulia kwake," alisema Alfonsi. "Matembele yake vipi?"

Margareta alichungulia. Matembele ya Bi Tabu yalikuwa kijani kibichi. Bustani yake ilikuwa vurugu, siku zote. Makumbi ya nazi huku, nyasi kavu kule, majani ya mgomba yamelala chini yanaoza. Miaka yote Margareta alimwonea aibu.

"Jua ni moja, mtaa ni mmoja," Alfonsi aliendelea. "Kwake kunastawi, kwenu kunaungua. Na si alikuwa anateka maji hapa?"

"Ameacha. Alisema hayawezi tena maji yetu."

"Umeona? Anajua alichokitia humo! Jumamosi namleta mganga. Atamtaja mtu."

Margareta alikosa raha. Mtu akishatajwa, mtaa mzima humkimbia. Watoto humrushia mawe, na mwishowe huhama. Bi Tabu angehamia wapi na umri ule? Usiku aliozaliwa Recho, huyohuyo Bi Tabu ndiye aliyemshika mkono Margareta mpaka hospitali ya Temeke. Lakini weupe nao ulikuwepo. Kila mchana ulirudi.

Ijumaa aliamua kumvizia huyo anayekuja.

Alfajiri alimwagilia, akafagia, kisha akaweka kigoda chake mlangoni mwa jiko. Venance alikwenda kazini na Recho shuleni. Bi Tabu alipita na kanga zake mbili, anakwenda msibani Mbagala.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba." Bi Tabu hakusimama. Siku hizo hakuwa anasimama.

Margareta alikaa. Alichambua mchele, akamaliza, akauchambua tena. Hakuna aliyeingia. Jua lilipanda mpaka kivuli chake kikaingia chini ya kigoda. Upepo ulikuwa haupo. Ule ukimya wa kisimani ulimwingia masikioni.

Ndipo akaona udongo unabadilika.

Ulikuwa mweusi kwa maji. Ukawa wa kahawia, ukawa wa kijivu. Kisha, kwenye ukingo wa tuta la kwanza, weupe ukatokeza. Haukudondoka kutoka juu. Ulichomoza kutoka ndani, taratibu, kama ukungu kwenye mkate. Ukatambaa mpaka tuta la pili. Bustanini hapakuwa na mtu. Bi Tabu alikuwa mbali, Mbagala.

Margareta alisimama ghafla, ungo wa mchele ukamwagika. Hakuuokota. Alitoka mbio mpaka ofisi ya kata, kwa bibi shamba, Bi Lusungu.

Jioni Bi Lusungu alikuja. Venance alikuwepo, na Alfonsi pia, amesimama mbali na matuta. Bibi shamba alipiga magoti, akausugua weupe kwa vidole. Alfonsi akafumba macho.

"Mama Recho, una masufuria mawili? Na maji ya mvua nitapata wapi?"

"Maji ya mvua mwaka huu?" Venance alicheka. "Labda uyaombe mbinguni."

"Kwangu yapo," sauti ilisema nyuma ya makuti. Bi Tabu alikuwa amerudi. Alizunguka ua na kata ya maji mkononi. "Nakinga kwenye pipa, bati likidondosha hata kidogo. Na msishangae, huu ua ni makuti. Maneno yenu yote nayasikia, na hiyo Jumamosi yenu naijua."

Margareta aliipokea ile kata kwa mikono miwili.

Bi Lusungu alibandika masufuria kwenye majiko mawili ya mkaa. Hili maji ya kisima, lile maji ya mvua. Wakakaa kuyatazama. Yalichemka, yakapungua, yakakauka. Sufuria la maji ya mvua lilibaki jeusi kama lilivyokuwa. La maji ya kisima lilibaki na duara jeupe, limeganda chini.

Ulikuwa weupe uleule.

"Yesu wangu," Margareta alinong'ona.

"Ni chumvi," alisema Bi Lusungu. "Aliyewawekea ni bahari, na mlimfungulia mlango wenyewe kwa ile mota."

"Bahari iko kule!" alisema Alfonsi.

"Iko na hapa, chini ya miguu yako. Mmeona tui lililolala? Zito huelea juu, majimaji hubaki chini. Na ardhi ya pwani ni hivyo. Maji matamu ya mvua hulala juu, maji ya bahari yako chini yake. Mvua ikinyesha vizuri, matamu huyakandamiza ya chumvi. Siku hizi dunia inapata joto. Mvua zimevurugika, bahari nayo inapanda kidogo kidogo. Nyie mkachimba zaidi, mkavuta kwa nguvu. Maji matamu yakaisha, ya chini yakapanda."

"Lakini mbona inatokea mchana?" aliuliza Margareta. "Nimeiona kwa macho yangu, inaota."

"Kwa sababu ya fagio lako."

"Fagio?"

"Udongo wako uko uchi, mama. Jua linaunyonya kama moto ulivyonyonya sufuria. Maji yanaondoka hewani, chumvi inabaki juu. Na majani unayochoma ndiyo chakula cha ardhi na nguo yake."

Margareta alitazama ule ua wa makuti. Aliyaona makumbi ya nazi, nyasi kavu, majani ya mgomba.

"Bi Tabu," alisema polepole, "uliposema maji yetu huyawezi..."

"Chai ilikuwa na chumvi. Ningekwambia. Lakini uliniangalia vibaya, hukuniuliza kwa nini."

"Nisamehe, mama yangu."

"Nitakusamehe. Huyu shemeji yako na mganga wake tutaonana."

Mganga hakuja. Jumamosi Venance aling'oa mota, akaacha kisima kipumzike. Alifunga mfereji wa bati kwenye paa, na chini yake akaweka mapipa. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya Margareta. Alilazimika kuacha kufagia matuta. Mkono ulimuwasha. Bi Lusungu alimfundisha kutandaza nyasi kavu, nene kama godoro jembamba, bila kugusa shina la mmea. Alifukia maganda ya ndizi, majani na samadi kwenye shimo, akayageuza mpaka yakawa mboji nyeusi. Alimwagilia kidogo kidogo kwa keni, kwa maji ya madumu mpaka mvua ije, asubuhi mapema au jioni, shinani tu.

"Nyasi nyingi hivi, nyoka je?" aliuliza.

"Matuta pekee ndiyo ya kufunika. Uwanja wako fagia mpaka uchoke," alijibu bibi shamba. "Na kunde zisubiri. Zinataka maji matamu. Anza na spinachi, inavumilia chumvi kidogo."

Mwanzoni mimea ilisuasua. Kisha masika ikanyesha. Mapipa yalijaa, na maji matamu yakaizamisha chumvi chini kabisa. Mchicha ukatoka na majani mapana. Siku Venance alipokosa kazi Kurasini, chakula kilikuwepo. Asubuhi moja Recho alikimbilia kitandani kwa mama yake.

"Mama, sikiliza!"

Kisimani chura mmoja alikuwa analia.

Margareta aliacha kona moja tu ya bustani bila nyasi. Jua likiwa kali, kona ile bado huwa nyeupe. Jirani akija, humkalisha kigodani saa sita mchana, aangalie weupe unavyochomoza. Hakuna anayeondoka bila kuomba nyasi.

Alfonsi alikuja Pasaka. Alipita bustanini akisifia mchicha. Alipofika kwenye kona ile, mguu ukamganda hewani.

Bi Tabu alikuwa amekaa mlangoni na Margareta, wanachambua mboga pamoja.

"Kanyaga tu, shemeji," Bi Tabu alisema, wala hakuinua kichwa. "Mie mchawi wako leo nipo huku."