Aliyemfuta Cheche

Saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, mchoraji alifungua ukumbi wa klabu, akavuta shuka lililofunika mchoro wake, akapiga ukelele uliosikika mpaka uwanjani. Kati ya wachezaji ishirini na wawili aliowachora kwa miezi saba, mmoja hakuwa na uso.

Mchoro, uliochorwa juu ya kitambaa, ulijaza ukuta mzima. Magwiji wa vizazi vitatu walikuwa wamepangwa kama kikosi kinachopigwa picha kabla ya mechi, wa nyuma wamesimama, wa mbele wamechuchumaa. Mzee aliyecheza pekupeku alimwekea mkono begani kijana wa juzi mwenye viatu vya rangi ya chungwa, ilhali mzee huyo alizikwa kabla kijana hajazaliwa. Mwenyekiti wa klabu alipenda kusema kwamba hapo ndipo familia nzima imekutana, na kwa mtu mwenye mazoea ya kutia chumvi, hilo alilisema kwa haki.

Aliyefutwa alikuwa wa mstari wa nyuma, kijana waliyemwita Cheche. Alifariki miaka minane iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kuanguka uwanjani katika mechi ambayo mashabiki mpaka leo wanaiita mechi ya tope.

Polisi walimtuma Inspekta mmoja mwanamama, mfupi, asiye na haraka. Kazini walimtania kwamba hata akimtia mtu pingu huanza na pole. Alimpa mchoraji pole kweli, kisha akaomba ngazi.

"Afande, tusilikuze jambo hili," mwenyekiti alisema kabla Inspekta hajakanyaga kipandio cha kwanza. Mwenyekiti alikuwa kocha enzi za Cheche, mtu mrefu bado, mwenye sauti ya kuamrisha. "Mchoraji achore uso mwingine leo leo. Atumie ile picha ya kitambulisho cha klabu, ni safi kabisa. Kesho saa nne tunazindua."

"Na aliyefanya hivi?"

"Ufunguo anao nani kama si yeye? Labda uso ulimshinda, akaona aibu."

Mchoraji alimgeukia. "Mwenyekiti, ufunguo unaning'inia kwenye msumari hapo koridoni! Hata paka wa klabu anajua ulipo. Mimi nifute kazi yangu mwenyewe? Nikiitwa mharibifu leo, nani atanipa ukuta tena?"

Inspekta aliwaacha wakirushiana maneno, akapanda. Hakuharakisha. Paji la uso la Cheche lilikuwa limesuguliwa mpaka kitambaa cheupe kikaonekana. Kuanzia hapo kwenda chini mambo yalikuwa tofauti: macho, pua na mdomo havikusuguliwa, vilitiririka tu, rangi ikashuka mpaka kwenye kola ya jezi, ambako viganja vya mtu vilikuwa vimeacha alama kama vilijaribu kuikinga. Pembeni mwa paji zilionekana alama za miduara midogo midogo, mmoja juu ya mwingine, upana wa kidole gumba. Alisogeza pua. Kulikuwa na harufu kali ya kafuri.

"Rangi ilikuwa mbichi?" aliuliza kutoka juu.

"Mbichi. Rangi ya mafuta hukauka kwa wiki nyingi, na uso wake niliumaliza Jumatatu. Lakini tapentaini ninayofutia rangi hainuki kafuri hivyo."

Inspekta alishuka akijipangusa mikono. "Mwenye hasira huchana kwa kisu. Huyu alikuwa anabembeleza. Haya, niambieni, nani ana kinyongo na mchoro huu?"

Wote wawili walijibu kwa pamoja: Bunduki.

Bunduki alikuwa mshambuliaji na nahodha wa zamani, na jina hilo alilipata kwa mashuti yake. Kamati haikumweka kwenye mchoro kwa sababu ya kadi nyekundu alizovuna maishani. Wiki iliyopita alisimama mbele ya watu akaapa, "Mtaona! Mchoro bila mimi ni harusi bila bwana harusi." Inspekta alimkuta chini ya jukwaa, katika chumba cha kuchulia, amelala chali juu ya meza ndefu, goti la kushoto limevimba. Aliyekuwa akilichua alikuwa mzee mkimya aliyeichulia klabu miguu tangu ujana wake. Wote walimwita Mikono. Chumba kizima kilinuka kafuri.

"Shikamoo afande," Bunduki alisema bila kuinuka. "Najua kilichokuleta. Mdomo wangu umeniponza tena."

"Marahaba. Dawa hii mnayojipaka ina nini ndani?"

"Kafuri, na tapentaini kidogo," Mikono alijibu taratibu. "Naichanganya mwenyewe. Kila mchezaji mstaafu wa klabu hii ana chupa yake nyumbani, mama."

"Na mwenyekiti?"

"Na yeye. Mgongo unamsumbua."

Inspekta alimtazama Bunduki. "Basi wewe unanuka kama ule mchoro, na ulitoa kiapo mbele ya watu. Nikufikirieje?"

"Unifikirie unavyotaka, lakini kwanza niombe nipande ngazi." Bunduki alijaribu kukunja goti, likagoma nusu njia, jasho likamtoka. "Hata kitandani napanda kwa kusaidiwa na mke wangu. Na ningepanda, afande, ningemfuta yule aliyewekwa mahali pangu, yule mwenye masikio makubwa. Si Cheche. Cheche nilimlea mimi. Nilimpa viatu vyake vya kwanza." Alifunika macho kwa mkono. "Siku anaanguka mimi nilikuwa jukwaani na kadi yangu nyekundu. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Dakika ya tano tu hujui nani wetu nani wao, jezi zote rangi ya udongo. Kona ikapigwa, akaruka na beki wao, akaanguka. Akatolewa kwa machela, moja kwa moja hospitali. Hakufungua macho tena."

"Beki alimgonga?"

"Tulisema alimgonga. Tulimzomea kila uwanja aliokwenda, tukimwita muuaji, mpaka akaacha mpira."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya goti. Kisha ikaendelea, na Inspekta akaitazama. Mzee hakuwa akisugua kwa kiganja kama wafanyavyo wengine. Alikandamiza kidole gumba, akazungusha mduara mdogo, akasogea kidogo, akazungusha mwingine juu yake.

Inspekta aliliweka hilo moyoni. Kidole gumba si ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani, na zaidi ya hapo, alikuwa bado hajajua mzee mpole kama huyo angemfutia nini marehemu. Aliaga, akaenda kwa mama yake Cheche.

Mama Cheche alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ilijaa magauni ya watu, na juu ya cherehani, usawa wa macho, palitundikwa picha ambayo mchoraji aliiazima, akaitumia, akairudisha. Alikuwa ameshasikia habari. Macho yalikuwa mekundu, lakini kazi ilikuwa inaendelea, mguu ukikanyaga pedali.

"Mwanangu amekufa mara mbili, afande," alisema. "Ya kwanza nilisema ni Mungu. Hii ya pili nataka nimjue mtu."

"Utamjua, dada yangu. Naomba niishushe hiyo picha."

Cheche alikuwa ameketi ukingoni mwa meza ndefu, akifunga kamba za kiatu, amemwinulia mpiga picha kichwa kwa tabasamu la mtu aliyeshtukizwa. Jezi nyeupe ilikuwa na mikunjo ya pasi. Juu ya jicho la kulia, kwenye paji la uso, alikuwa amebandikwa plasta pana.

"Ilipigwa lini?"

"Siku yake ya mwisho. Mpiga picha wa pale uwanjani aliniletea msibani. Hiyo plasta ndiyo waliyombandika alipogongwa."

"Nani alikwambia?"

Mguu wa mama uliacha pedali. "Hakuna. Nilijua tu. Mwanangu alikuwa kambini wiki nzima, ametoka hapa mzima. Angeumia wapi kwingine?"

Inspekta aliishika ile picha kwa muda mrefu. Alitamani kumwambia hapo hapo, lakini alikuwa na nusu ya habari, na nusu ya habari kwa mama aliyefiwa ni ukatili. "Naomba uje ukumbini saa kumi," alisema. "Mimi nitakaa karibu yako."

Saa kumi walikuwepo wote: mwenyekiti akitazama saa, mchoraji na brashi zake, Bunduki juu ya viti viwili, kimoja chake na kimoja cha goti, Mikono karibu na mlango. Mama Cheche aliketi mbele ya mchoro, mkoba mapajani, akiutazama uso usiokuwepo.

"Kijana," Inspekta alimuuliza mchoraji, "plasta uliichora?"

"Niliichora. Mama alisema hiyo ndiyo sura yake ya mwisho, nisibadilishe kitu."

"Aliyeingia hapa jana hakutaka kuufuta uso. Alisugua mahali pamoja tu, penye plasta. Ila dawa ya kuchua ni majimaji na ina tapentaini, na mchoro umesimama wima. Ikatiririka, ikaondoka na macho. Mwenyekiti, plasta hii alibandikwa lini?"

"Alipogongwa, bila shaka. Afande, haya ni ya nini?"

"Alipogongwa uwanjani, akiwa ametapakaa tope mpaka hajulikani, akatolewa hana fahamu." Inspekta aliinua picha wote waione. "Hapa anafunga kamba za kiatu. Anacheka. Jezi bado ina mstari wa pasi. Huyu hajaingia uwanjani, mwenyekiti. Kidonda hiki alikuwa nacho kabla ya mechi. Ndiyo maana ukataka itumike picha ya kitambulisho."

Bunduki alishusha mguu wake chini bila kuhisi maumivu.

"Na anayechua kwa kidole gumba, mduara juu ya mduara, namjua mmoja tu," Inspekta aliendelea kwa upole. "Mzee wangu, pole sana. Sema."

Mikono aliketi sawasawa kitini, akamgeukia mama Cheche. "Ni mimi," alisema.

"Mzee, nyamaza!" mwenyekiti alifoka.

"Mwache," Inspekta alisema. "Amenyamaza miaka minane, imemtosha."

Mzee alizungumza akimtazama mama Cheche peke yake. "Ilikuwa jioni, siku moja kabla ya mechi, mama. Wenzake walishaondoka uwanjani. Kocha alimbakiza apige mipira ya kichwa, akajigonga kwenye mlingoti wa goli. Alizimia. Nilimmwagia maji akaamka. Usiku alitapika. Asubuhi nikamwambia kocha, huyu hachezi, huyu apelekwe hospitali. Kocha akasema ni kijidonda, na bila Cheche hatuna timu. Akaniagiza nibandue plasta kabla hajatoka, refa asije akauliza. Nikaibandua. Kwa mikono hii."

"Hakuna aliyejua ingekuwa vile," mwenyekiti alisema. Sauti ya kuamrisha ilikuwa imekwisha. "Kila mchezaji hugongwa. Kila siku wanagongwa."

"Wewe uliambiwa," Bunduki alisema. "Na ukatuacha tumwite mtoto wa watu muuaji."

Inspekta alimwambia mwenyekiti kwamba watatoka pamoja kwenda kituoni, na kwamba jalada la kifo cha Cheche linafunguliwa upya leo. Mwenyekiti aliketi chini. Alionekana mzee ghafla, na Inspekta, kwa tabia yake, alimwonea huruma hata yeye, bila kumpunguzia kitu.

"Kwa nini ufute?" mchoraji alimuuliza Mikono, karibu kulia. "Ningelala ndani kwa ajili yako."

"Nilijua kesho watu watauliza, plasta ile ni ya nini. Nikasema nitoe plasta tu, mtoto abaki. Uso ulipoanza kushuka nikajaribu kuuzuia kwa mikono, nikazidi kuharibu. Nisamehe, kijana. Ningejitaja kabla hujafungwa."

"Ungejitaja kweli?" Inspekta aliuliza.

Mzee alifikiri. "Sijui," alisema, na wote waliamini hilo kuliko kama angeapa.

Mama Cheche alinyanyuka. Alipita katikati ya viti mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mzee. Bunduki alifikiri atampiga, akaona bora asimzuie.

"Alisema nini usiku ule?" mama aliuliza.

"Alisema kichwa kinamgonga. Alisema, mzee, usimwambie mama, atanifuata huku na kanga yake anirudishe nyumbani."

Mama alicheka kidogo, kicheko kilichokatika njiani. "Ningemfuata," alisema. "Haki ya Mungu, ningemfuata." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, kisha akainama mpaka paji lake likawa usawa wa macho ya mzee. "Nionyeshe alipoumia."

"Mama..."

"Nionyeshe, baba. Miaka minane naangalia karatasi."

Mzee aliinua mkono, akaweka kidole gumba juu ya jicho la kulia la mama, taratibu. Mama aliushika ule mkono, akaukandamiza pale pale, akafumba macho. Walikaa hivyo mpaka mchoraji akageukia ukuta.

"Kesho sherehe ipo," mama Cheche alisema bila kufumbua macho. "Utasimama mbele ya watu wote, na wao uwaonyeshe. Na yule beki aitwe. Akae kiti cha mbele, pembeni yangu."