Nusu Kichwa

Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi ni kinyozi, na najinyoa vizuri tu. Aliyenishinda kumnyoa ni shemeji yangu, mume wa dada.

Shemeji ni fundi wa mapaa. Ana ualbino, kwa hiyo ngozi yake haina rangi ya kutosha kumkinga na jua. Kofia alikuwa anavaa, lakini ilikuwa na ukingo wa mbele tu. Masikio yalibaki nje.

Jumamosi moja nilikuwa nimefika katikati ya kichwa chake nikaona kidonda kwenye ukingo wa sikio.

"Shemeji, hiki si kile kile cha miezi miwili iliyopita?"

"Bati limenikwaruza. Nyoa, shem, kazi inaningoja."

"Mkwaruzo gani hauponi miezi miwili?" Nikazima mashine. "Nusu iliyobaki utanyolewa ukitoka kliniki."

"We! Nitapitaje mjini hivi?"

"Kwa miguu."

Nilimsindikiza, asije akatoroka. Daktari wa ngozi alijikaza asicheke. Akakata kipande kidogo cha kidonda kikapimwe. Nami nikammalizia shemeji ile nusu.

Baada ya wiki mbili tuliitwa.

"Ni saratani ya ngozi," daktari alisema. "Lakini umeiwahi."

Shemeji alilishika sikio lake. "Imetoka wapi?"

"Kazini kwenu kuna msimamizi?" daktari akamuuliza.

"Yupo. Mkali kama pilipili."

"Basi ndani ya kila chembe hai ya mwili wako kuna jeni, yaani maagizo ya kazi. Baadhi ya jeni ni wasimamizi. Chembe ikiharibika, huiambia: simama, rekebisha kwanza. Isiporekebishika, huiamuru ife. Sasa jua likiziharibu jeni hizo zenyewe, mwaka baada ya mwaka, chembe mbovu hukosa wa kuzizuia. Huongezeka ovyo. Ndiyo saratani."

"Kumbe jua limempiga msimamizi wangu!"

"Hasa. Huyo hatuwezi kumrudisha kazini. Tutaondoa sehemu mbovu, kisha tuwalinde wasimamizi waliobaki."

Kidonda kilikatwa chote. Siku hizi shemeji anavaa kofia pana pande zote na shati la mikono mirefu. Anapaka mafuta ya kukinga jua. Paani anapanda asubuhi na mapema, jua likipanda yeye anashuka. Kila baada ya miezi mitatu daktari anamkagua. Sikio lipo, lina pengo dogo tu.

Jana alikaa tena kwenye kiti changu.

"Ulinitembeza mjini kama shamba lililolimwa nusu. Mbele ya wateja wangu! Niombe radhi."

"Siombi."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Inamisha kichwa."